Grisi Kwenye Mfereji wa Darubini

Vijana, mkinikuta njiani mnanipa shikamoo, na mimi naitikia marahaba kama mtu anayestahili. Leo naomba hiyo salamu mniwekee pembeni kidogo. Someni kwanza, halafu siku tukikutana tena muamue wenyewe.

Nilikuwa fundi wa karakana kwenye shamba kubwa la ngano, upande wa Basotu. Shule yangu ni darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nadhani walimu walinihurumia. Ila nilikuwa na tabia moja wenzangu waliyoicheka sana: kila jioni niliandika kwenye kaunta buku kazi niliyofanya mchana. "Trekta la pili, nimebadilisha mkanda wa feni." "Kombaini, nimeziba tundu la tenki." Sentensi moja au mbili, basi. Madaftari hayo ninayo bado hapa Gehandu, yananuka dizeli mpaka leo. Ndiyo maana nikisimulia jambo napenda kwanza kufungua ukurasa nihakikishe. Na kuna ukurasa mmoja ambao kwa miaka mingi nilikuwa nauruka.

Mwezi uliopita mmoja wenu, aliyepata kazi ya kulinda shamba, alinijia na darubini ya bunduki imefungwa kwenye gazeti. Alikuwa amekabidhiwa ile bunduki ndogo ya kufukuzia kanga na sungura, tunayoiita tuu-tuu, yenye risasi isiyozidi unene wa penseli. Akasema, "Babu, wanasema wewe ndiye unayejua kufunga hizi." Nikamwambia aje kesho. Kesho yake nikamwambia aje keshokutwa. Akaondoka ananishangaa, maana kazi yenyewe haifiki hata saa moja.

Hii ndiyo keshokutwa yenyewe. Nitawaeleza jinsi ya kuchagua darubini na jinsi ya kuifunga, na nitawaeleza mtu aliyepoteza kazi na jina lake kwa sababu niliifunga vibaya, halafu nikanyamaza.

Mtu huyo anaitwa Tluway. Ametoka Masieda, Mbulu, na ananizidi kama miaka sita, kwa hiyo kwangu ni kaka na shikamoo yake ni lazima. Yeye ndiye aliyekuwa mpiga bunduki wa shamba. Ngano ikishapandwa tu, kabla haijachomoza, kanga wanashuka alfajiri kwa makundi na kufukua mbegu mstari kwa mstari, utadhani wamepewa ramani na bwana shamba. Tluway aliwapiga kwa vilengeo vya chuma vilivyokuja na bunduki, bila darubini yoyote. Macho yake yalikuwa ya kusimuliwa. Akisimama mlangoni mwa karakana anakuambia ng'ombe wa nani anachechemea kule mteremkoni, na wewe humwoni hata huyo ng'ombe. Jumapili ndiye aliyesoma somo la kwanza kigangoni, kitabu kikiwa mezani na yeye amesimama wima. Wasomaji wengine walikuwa wanakiinamia kama wanakinusa.

Wakati huo ruksa ya biashara ilikuwa imeshaingia nchini. Vitu ambavyo zamani tuliviona kwa wakubwa tu vikaanza kupangwa madukani Katesh. Meneja wetu akasikia kwamba mfanyabiashara mmoja, Mzee Shabani, ana darubini mbili alizouziwa na mkandarasi aliyekuwa anafunga virago. Akatutuma mimi na Tluway tukachague moja.

Mzee Shabani alizitoa kwenye sanduku la saa za ukutani. Moja ilikuwa fupi, nyembamba, haina mbwembwe. Ya pili ilikuwa ndefu kama mkono wa mtoto, na jicho la mbele pana kama kikombe cha uji.

Tluway akashika ile fupi, akaangalia nje, akasema, "Hii."

"Kwa nini hiyo, kaka?"

"Haina maneno mengi."

"Hiyo si ya watoto hiyo? Hebu angalia hii nyingine. Unaona mpaka kupe kwenye ng'ombe."

"Mimi sitafuti kupe," akasema. "Natafuta kanga."

Mzee Shabani akacheka, kisha akasema neno ambalo lazima niliandike, maana kuna watu wanaopenda kusema wenye maduka wote ni waongo. Alisema, "Mimi ningependa mchukue kubwa, si mnajua. Lakini ukweli ni kwamba hiyo ni ya bunduki kubwa, za masafa. Ndogo ndiyo iliyotengenezewa hizo tuu-tuu zenu."

Niliyesema tuchukue kubwa ni mimi. Nilisema meneja akiona tumerudi na kile kidude kifupi atatucheka. Ukweli nilitaka meneja anione mimi nashuka kwenye gari nimebeba kitu kikubwa. Tluway akainua mabega. "Wewe ndiye fundi," akasema.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi mnakosea. Darubini kubwa inakuza sana, na kadiri inavyokuza ndivyo inavyokuonyesha sehemu ndogo. Unamwona kanga mpaka madoadoa yake, lakini humwoni mtu anayepita hatua kumi pembeni yake. Tena darubini ya masafa imepangwa kwa shabaha za mbali. Ukilenga hatua arobaini au hamsini, ule msalaba wa kulengea unaouona ndani unatangatanga. Mjaribu hivi: lazeni bunduki juu ya magunia isitikisike, na isiwe na risasi. Lenga msumari ukutani kwa umbali utakaopigia kweli. Sasa usiguse bunduki, sogeza kichwa chako tu, kidogo kushoto, kidogo kulia. Msalaba ukibaki kwenye msumari, darubini hiyo inakufaa. Ukihama, basi kila siku ukiweka shavu mahali tofauti, risasi nayo itakwenda mahali tofauti. Sikufanya jaribio hilo dukani kwa Mzee Shabani. Nilikuwa na haraka ya kuonekana.

Kuifunga nilijaribu mara mbili. Mara ya kwanza nilinyoosha ule msalaba kwa kufuata mhimili wa mlango wa karakana. Tluway akaweka bunduki begani, akaangalia, akaishusha.

"Fundi, umenifungia darubini ya mtu aliyelala ubavu."

"Haiwezekani. Nimeipima na mlango."

"Na mlango umeupima na nini?"

Watu karakana nzima wakacheka. Mlango ule ulikuwa umeinama tangu trekta lilipougonga, na sisi tulikuwa tumeshauzoea mpaka tukaona dunia ndiyo iliyopinda. Kwa hiyo msitumie mlango wala nguzo ya ua. Tumieni timazi ya mwashi, uzi na jiwe linaloning'inia. Mstari wa kusimama wa msalaba uende sambamba na uzi, basi.

Umbali wa jicho nao upimeni vizuri. Funga macho, weka bunduki begani kama unavyoweka siku zote, halafu fungua. Ukiona duara zima, lenye mwanga mpaka ukingoni, hapo hapo. Ukiona kivuli kama mwezi mchanga, isogeze mbele au nyuma mpaka kivuli kiishe. Darubini ndiyo imfuate mtu. Mtu asinyooshe shingo kama bata kuifuata darubini.

Halafu ikaja grisi.

Juu ya bunduki hizi ndogo, mara nyingi, kuna mifereji miwili myembamba iliyochongwa kwenye chuma. Pete za darubini zina taya zinazouma hiyo mifereji, na skrubu ndizo zinazokaza. Zinashikilia kwa kuuma tu, hakuna kingine. Sasa mimi nilifundishwa ufundi na mzee mmoja, Mzee Elibariki, Mungu ampumzishe, ambaye kila asubuhi alituambia, "Chuma kikavu ni chuma kinachokufa." Kwenye matrekta alikuwa sahihi kabisa, wala sitaki mtu amlaumu. Udongo mweusi wa Basotu ukiingia kwenye bolti kavu, utaikata kwa nyundo. Kwa hiyo mkono wangu haukuniuliza. Nilichota grisi kwa kidole nikaipaka kwenye mifereji, kwenye taya, kwenye skrubu, vizuri kabisa, kama ninavyopaka kitovu cha gurudumu.

Tluway alikuwa amesimama pale. Akasema, "Fundi, na hapo panahitaji grisi?"

Nikamjibu, "Kaka, wewe piga kanga. Vyuma niachie mimi."

Maneno hayo yako kwenye kichwa changu tu, sikuyaandika kwenye daftari. Kama ningekuwa mtu wa kujipendelea ningewaambia aliuliza kwa upole na mimi nikajibu kwa upole. Nilimjibu kwa kejeli, mbele ya watu, kwa sababu alikuwa amenifanya nichekwe kwa ule mlango.

Nilipomaliza kukaza nilichukua sindano nikakwaruza mstari mwembamba, nusu kwenye pete, nusu kwenye bunduki. Ni desturi ya mafundi: kitu kikihama, alama inakuambia. Hilo nililifanya vizuri, na ndilo lililonihukumu baadaye.

Tulikwenda nyuma ya ghala kuiziro, kama wanavyosema wa jeshini, yaani kuurekebisha msalaba ulingane na pale risasi inapopiga. Mkiiziro, pigeni risasi tano kwanza bila kugusa nobu yoyote ya kusogezea msalaba. Risasi moja haikuambii kitu, inaweza kuwa ni pumzi yako tu. Angalieni kundi la matundu limekaa wapi, ndipo mzungushe, tena kidogo kidogo. Na mtumie risasi za pakiti ya aina moja, maana hizi ndogo zina kiburi, kila aina inakwenda kwake. Siku hiyo tano za Tluway ziliingia zote mahali pa kufunikwa na kizibo cha soda. Meneja akanipiga bega mimi. Tluway akawa anaokota maganda.

Wiki mbili zilipita. Msimu ukakolea, pikapu ya shamba ikawa inarukaruka kwenye matuta na bunduki ikiwa nyuma ya kiti. Asubuhi moja Tluway akaja karakana.

"Fundi, siku hizi inapiga kulia."

Nilikuwa chini ya mashine ya kupandia. "Labda unavuta triga vibaya."

"Naivuta kama siku zote."

"Basi nitaiangalia."

Sikuiangalia. Nikisema nilikuwa na kazi nyingi, ni kweli, liko kwenye daftari: mashine ya kupandia ilikufa siku tatu, na mvua haikungoji. Lakini kukagua pete mbili ni kazi inayokwisha kabla chai haijapoa. Alinikumbusha tena mara moja. Baada ya hapo hakunikumbusha, maana na yeye ana heshima yake.

Siku chache baadaye kanga walikaa kwenye tuta, mwisho wa shamba. Nyuma ya tuta, mbali kidogo, kuna njia ya kwenda kisimani. Tluway akalenga, akapiga, akamkosa kanga, na risasi ikapita.

Dakika kama ishirini baadaye mama mmoja mjane, jirani yetu, tuliyemwita Mama Paskali, aliingia uwanja wa ofisi anamvuta punda wake. Punda alikuwa amebeba madumu manne ya njano, na moja lilikuwa linamwaga maji kwa vitundu viwili, huku na huku, kama mtoto anayekojoa. Akalifungua lile dumu mgongoni mwa punda, akapanda nalo ngazi, akaliweka mezani kwa meneja juu ya karatasi zake. Maji yakaendelea kutoka.

"Mama, shikamoo," meneja akasema, amesimama.

"Sijaja kusalimiwa. Angalia hili tundu." Akajigusa ubavuni, chini ya kifua. "Lilikuwa la hapa. Punda alisogea mbele hatua moja, hatua moja tu. Ungekuja kunizika na huyo kanga wako pembeni?"

Hakuna aliyecheka. Meneja akatuita wote. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haki ya kukasirika. Akamchukulia Tluway bunduki, akanipa mimi mkononi. "Fundi, nenda ukaikague. Saa nne tunaipiga mbele ya watu wote. Kama kosa ni la bunduki, tutajua. Kama ni la mtu, tutajua."

Lazima mjue jambo moja ili mnielewe, ingawa kunielewa si kunisamehe. Shamba lilikuwa linabadilisha mikono siku hizo, na kila mwezi orodha ya watu wa kupunguzwa ilibandikwa ukutani. Kila mtu alikuwa anatafuta asionekane na kosa.

Niliingia karakana peke yangu, nikaibana bunduki kwenye jiliwa na vitambaa. Sikuhitaji kukagua. Ule mstari niliokwaruza kwa sindano ulikuwa umekatika vipande viwili, na kati yake pana upana wa kichwa cha kiberiti. Nilipoishika darubini ikacheza mkononi kama jino la mzee. Kwenye mifereji grisi yangu ilikuwa imechanganyika na vumbi, imekuwa uji mweusi.

Nilichotakiwa kufanya ni kutoka nje na kusema, "Meneja, njoo uone." Maneno matatu. Nikachukua petroli na kitambaa. Nikafuta mfereji wa kulia, nikafuta wa kushoto, nikafuta taya, nikakausha. Nikairudisha darubini mpaka mistari miwili ikawa mmoja. Nikakaza skrubu kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, kama nati za tairi. Vijana, hivyo ndivyo darubini inavyofungwa. Pakavu kabisa, bila grisi, skrubu kwa zamu, na alama ya sindano. Sijawahi kuifunga darubini vizuri kama siku ile, na ilikuwa ni kwa ajili ya kumwangamiza mtu. Wakati nafanya nilijiambia nakagua. Lakini kukagua ni kuangalia.

Saa nne meneja mwenyewe alilala kwenye magunia, akapiga tatu. Zote zikaingia kwenye kopo la maziwa. Akampa Tluway. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na nani asingetetemeka baada ya kukaribia kumuua mama wa watu? Akapiga tatu, mbili zikaingia, moja ikakosa.

Meneja akasimama, akajipangusa magoti. "Bunduki ni nzima. Tatizo ni macho."

Tluway hakumjibu yeye. Aligeuka kwangu. "Fundi. Uliikuta vipi?"

Watu wote wakanitazama. Hata Mama Paskali, amekaa kwenye ngazi na dumu lake tupu.

Nikasema, "Niliikuta sawa, kaka."

Alinitazama kidogo. Kisha akapeleka mkono machoni, akayasugua taratibu, kama mtu anayegusa kitu ambacho hakujua kama kimevunjika. "Basi ni macho," akasema.

Kwenye orodha ya mwezi ule jina lake lilikuwa la kwanza. Alirudi Masieda na godoro lake juu ya lori la ngano. Sikwenda kumuaga. Daftari la siku ile ya jaribio lina sentensi moja: "Nimesafisha darubini."

Nimeutafakari sana uzito wa kila mtu. Tluway mwenyewe alipiga bila kuangalia nyuma ya shabaha, na hilo ni kosa, msilirudie kamwe: kabla ya kugusa triga, toa jicho kwenye darubini, angalia kwa macho yako mawili kulia, kushoto na mbele mpaka mwisho. Lakini kwa vilengeo vya chuma angemwona yule mama bila hata kutafuta. Darubini kubwa ndiyo iliyomficha, na darubini kubwa niliichagua mimi. Kila nikijaribu kumgawia mwenzangu fungu la lawama, linazunguka na kurudi mlangoni kwangu.

Miaka ikaenda. Tulikuwa watu wa Mkoa wa Arusha, tukaamka watu wa Manyara. Nikastaafu. Mara moja nilimwona Tluway mnadani Katesh, amesimama peke yake, na mimi, mdogo wake, nikajificha nyuma ya lori la ng'ombe mpaka akapita, ili nisilazimike kumwamkia. Nilikuwa na mvi tayari.

Basi yule mwenzenu alipoondoka na darubini yake kwenye gazeti, sikulala vizuri. Jumatatu nikafunga daftari kwenye shati, nikapanda gari la Mbulu, na kutoka hapo pikipiki mpaka Masieda.

Nilimkuta amekaa nje ya nyumba anapukuchua mahindi, mkewe Mama Emanueli anapepeta pembeni. Nikasimama mbele yake. Hakuinua uso. Macho yake yana utando mweupe siku hizi, mtoto wa jicho, yote mawili.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Akaacha kupukuchua. "Sauti hiyo ni ya karakana."

"Ndiyo, kaka. Ni mimi."

"Karibu. Mama Emanueli, mpe Fundi kigoda. Bado unapaka grisi?"

Alikuwa anatania tu. Hakujua. Nikakosa hata pa kukaa. Nikamweleza nikiwa nimesimama, yote, kuanzia kwa Mzee Shabani mpaka kichwa cha kiberiti, petroli, kitambaa, na lile neno nililosema mbele ya watu. Mama Emanueli aliacha kupepeta.

Tluway aliokota gunzi la mahindi. Kisha akasema, "Grisi."

"Ndiyo, kaka."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Akaendelea kushika lile gunzi bila kulifanya chochote. Nilingoja aniulize kuhusu kazi, maana nilidhani kazi ndiyo niliyomnyang'anya. Aliniuliza kitu kingine. Aliuliza polepole, kama anauliza hewa. "Kwa hiyo siku ile nilikuwa naona?"

"Ulikuwa unaona, kaka. Kuliko sisi wote."

Mama Emanueli akaweka ungo chini. Hakuniangalia mimi, alimwangalia mumewe. "Si nilikuambia?" akasema. "Si nilikuambia Tluway, jaribu? Jaribu kusoma?" Ndipo akanigeukia. "Aliacha somo kanisani. Kisu cha kuchinjia akampa mdogo wake, eti atajikata. Mwanetu alipokwenda kufanya kazi Babati akawa anaandika barua kila mwezi, na huyu anapeleka kwa jirani akasomewe. Namwambia, mbona sindano ikianguka unaiona wewe kabla yangu? Anasema, nisibishane na kipimo, meneja alishapima. Kipimo! Jirani akawa anajua mambo ya nyumba yetu kabla yetu. Mpaka hivi miaka hii macho yakaja kuharibika kweli, akaniambia, unaona?"

Nilidhani nilichukua mshahara wa mtu, kumbe nilimchukulia macho mazima, akayabeba usoni miaka yote bila kuyatumia.

Tluway akasema, "Wewe ulikuwa unaandika. Siku ile uliandika nini?"

Nikatoa daftari. Nikamsomea: "Nimesafisha darubini."

"Hilo si uongo," akasema.

"Si uongo, kaka. Ila..."

"Ongeza."

Nikachukua kalamu. Chini ya ile sentensi palikuwa na mstari mtupu, nikaandika huku nasema kwa sauti ili asikie: "Niliikuta imelegea. Kosa ni grisi yangu. Tluway alikuwa anaona."

"Basi hiyo waonyeshe watu," akasema. Ndiyo hii ninawaonyesha. Na yule mwenye darubini aje kesho, kweli kesho, na kitambaa kisafi na petroli kidogo kwenye chupa. Kama ni ile kubwa nitamwambia akabadilishe. Na mpiga bunduki yeyote akimwambia fundi kwamba inapiga kulia, fundi aache alichoshika.

Nilitaka kuaga. Kaka Tluway akasema, "Kaa. Mama Emanueli, lilete lile kopo." Mkewe akaingia ndani akatoka na kopo kuukuu la majani ya chai. Ndani mlikuwa na barua, zimepangwa kwa kufuatana, karatasi za kwanza zimeshakuwa za njano.

"Siku hizi Emanueli anapiga simu," akasema. "Lakini hizi ni za wakati ule. Jirani alizisoma mbiombio, ana shamba lake anawahi. Wewe huna pa kuwahi."

"Sina, kaka."

"Basi soma. Anza na ya chini. Soma polepole, kama mimi ningesoma."

Nikaifungua ya chini kabisa. Mwandiko ulikuwa wa kijana, herufi kubwakubwa, zimeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye mwandishi aliamini haoni vizuri. Nikasoma: "Baba yangu mpendwa, shikamoo."

Kaka Tluway alinyoosha mgongo, akaielekezea uso ile karatasi, akaiitikia.

"Marahaba."